Fundi wa Sonatubes anayegeuza namba kuwa sauti

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, makutano ya Sonatubes, jijini Kigali, bado hayajaamka sawasawa. Taa za barabarani zinawaka, wafagiaji wameshapita na fagio zao ndefu, na kwenye kituo cha pikipiki wapo madereva watatu tu, mmoja wao amejilaza juu ya chombo chake na kofia ngumu kifuani. Ndani ya chumba chembamba nyuma ya duka la vifuniko vya simu, Médiatrice Kankindi amekaa kwenye kigoda, amefumba macho.

Ukimkuta hivyo utadhani anasali. Hasali, anasikiliza.

Mbele yake kuna spika moja kuukuu inayotoa noti moja ya kinanda, laini kama pumzi ya mtu aliyelala. Anapunguza sauti, kisha anaipunguza tena. Inafika mahali mwandishi wa makala haya haisikii kabisa, lakini yeye bado anaisikia, na kidole chake kiko juu kutuonya tusikohoe.

"Hapa," anasema polepole. "Hapa ndipo iliniaibisha."

Nje, pikipiki ya kwanza inapiga honi. Médiatrice anafumbua macho, anazima mashine na kuanza kufungua madirisha. Kazi ya kusikiliza imekwisha kwa siku ya leo. Kuanzia sasa mpaka jioni ni mabasi, honi na miziki ya madukani, na hakuna jambo la upole linaloweza kusikika Sonatubes.

Kesho ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Asomsiyo kama wengi wanavyoiita hapa Kigali. Kibao cha umeme kilicho mezani kwake, kisichozidi ukubwa wa kiganja, kitaingia ndani ya kinanda cha parokia moja ya Kanombe. Kikilia safi, kinanda kitabaki kanisani. Kikikwaruza, kamati ya muziki imeshakata shauri: kinanda kitapelekwa stoo, kipya kitaagizwa kutoka nje, na jina la Médiatrice litaingia stoo pamoja nacho.

Anayajua yote hayo, lakini anamimina chai ya maziwa kutoka kwenye chupa na kumkaribisha mgeni bila haraka.

Ana umri wa miaka arobaini na tatu. Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Ngagara, kwa wazazi wa Kinyarwanda waliokuwa wakimbizi. Baba yake alitengeneza redio katika kibanda cha Buyenzi, na huko ndiko binti alikookota Kiswahili, pamoja na tabia ya kunusa mashine kabla ya kuifungua. Anasema kitu kilichoungua kina harufu yake, na kilichochoka kina harufu nyingine.

Familia ilirudi Rwanda mwaka 1995. Médiatrice akaingia shule ya ufundi, darasa la wanafunzi thelathini na moja, msichana akiwa yeye peke yake. Walimu walimshauri akasome ushonaji. Aliwajibu kwamba kushona anajua tayari, mama yake alishamfundisha. Jibu hilo bado linamchekesha mpaka leo.

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa Sonatubes, kwanza akitengeneza televisheni na ving'amuzi, kisha vinanda na mashine za kuchanganyia sauti za makanisa. Kigali ina makanisa mengi na kila kanisa lina kwaya, kwa hiyo kazi haikosekani. Mwezi mzuri unamwachia kama faranga laki mbili na nusu baada ya kulipa kodi ya chumba. Hajatajirika, lakini wateja wake wanatoka mpaka Rwamagana, na hilo analitaja mara mbili bila kuulizwa.

Ana haki ya kulitaja.

Kinanda cha Kanombe kilikuja kwake mwezi wa nne. Radi ilipiga jirani na kanisa siku ya mvua kubwa, na tangu hapo kinanda kikawa na ugonjwa wa ajabu. Taa zake zote ziliwaka. Kila ukibonyeza kidude, kioo chake kidogo kiliandika jina la sauti kama kawaida, filimbi, zeze au kengele. Lakini spika zilikaa kimya kabisa.

Médiatrice alikifungua na kuona kwamba akili yake ilikuwa nzima. Kilichokufa ni chipu moja, ambayo kazi yake ilikuwa kutafsiri.

Mtu asiyejua umeme atauliza kinanda kina haja gani ya mkalimani. Fundi huyu ameshalijibu swali hilo mara nyingi, na ana namna yake ya kulijibu.

"Ndani ya kinanda hakuna sauti, iko namba tu," anasema. "Kila sekunde iko inatoa namba elfu thelathini na mbili. Sasa spika haijui kusoma. Spika inajua kusukumwa na kuvutwa na umeme, basi. Lazima mtu akae katikati, apokee namba, atoe umeme wa kiasi kile kile namba imesema."

Kwa lugha ya vitabu, huko ni kugeuza dijitali kuwa analogia. Kwa lugha ya Médiatrice ni kugawa maziwa.

Anasema uchukue kibuyu cha maziwa na watoto kumi na wawili. Mkubwa fungu lake ni nusu ya kibuyu. Anayemfuata fungu lake ni nusu ya fungu la mkubwa, wa tatu nusu ya la huyo, na kuendelea hivyo mpaka kitinda mimba, ambaye anaambulia tone. Namba inapofika, inataja nani anywe na nani asubiri. Jumla ya waliokunywa ndiyo nguvu ya umeme inayokwenda kwenye spika. Sekunde hiyo hiyo inakuja namba nyingine, na watoto wengine wanaitwa, mara elfu thelathini na mbili, mpaka spika inatikisika na sisi tunasikia filimbi.

Umeme unaotoka hapo unapanda na kushuka kwa vidaraja vidogo. Mbele yake huwekwa sakiti ya kulainisha, mfano wa randa juu ya ubao, ndipo sikio lisikie kitu kimoja kinachotiririka.

Kazi hiyo ya kugawa, mafundi huiita ngazi. Inaweza kufanywa na chipu kutoka kiwandani, au inaweza kujengwa kwa mkono kwa rezista, vile vijiti vidogo vyenye pete za rangi ambavyo kazi yake ni kuubana umeme upite kwa kipimo. Siku hizi hakuna anayejijengea ngazi. Kwa nini ujisumbue ilhali chipu zipo?

Chipu ya kinanda hiki haikuwepo. Kinanda kina zaidi ya miaka thelathini, zawadi ya wafadhili wa zamani, na kiwanda kiliacha kutengeneza chipu hiyo zamani. Médiatrice aliagiza moja kwa njia ya mtandao, akangoja wiki tano. Ilipofika aliikwaruza kwa ukucha na maandishi yakatoka, chini yake kukiwa na jina la chipu nyingine kabisa. Aliagiza kwa muuzaji wa pili, na huyo naye akamletea ya kughushi.

Hapo ndipo aliposema ataijenga kwa mkono.

Mwenyekiti wa kamati ya muziki ya parokia ni Johnson Mugenzi, mstaafu wa miaka sitini na sita aliyekulia Uganda na aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi za mipango. Ni mtu wa adabu na wa mafaili. Alipoelezwa habari ya ngazi ya mkono aliuliza maswali manne, akayaandika majibu, kisha akakubali kwa shingo upande. Kinanda kipya kingegharimu faranga milioni saba, na parokia ilikuwa inaezeka paa.

Médiatrice alijenga. Alichambua rezista siku sita, akazipanga, akazichomelea, akajaribu kibao chake pale pale Sonatubes. Kinanda kilinguruma. Wenye maduka walitoka kusikiliza, na Usumani, dereva wa pikipiki anayeegesha mbele ya mlango wake, alicheza kidogo na kofia ngumu kichwani. Ilikuwa furaha, na fundi wetu hakuificha.

Jumapili iliyofuata, wimbo wa kuingia ulipasua kanisa. Watu walipiga makofi kwa mdundo, padri akatabasamu, na Médiatrice aliyekuwa ameketi safu ya nyuma alihisi kifua kinajaa.

Kisha ikaja baada ya komunyo. Waumini wamepiga magoti, kwaya inaimba kwa upole, na mpiga kinanda ameshusha sauti mpaka chini kabisa. Hapo ndani ya sauti kukatokea mkwaruzo, sawa na mchanga unaokutana nao mdomoni katikati ya wali. Noti ziliposhuka zaidi mkwaruzo ulizidi. Mpiga kinanda, Mama Daphrose, mwalimu mstaafu ambaye vidole vyake vimeiongoza kwaya hiyo miaka ishirini na mbili, aliinua mikono kutoka kwenye vidude na kuiweka mapajani. Kwaya ilimalizia wimbo bila kinanda.

Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile, Médiatrice aliusikia.

"Hakuna mtu aligeuka kuniangalia," anakumbuka. "Ingekuwa afadhali wageuke. Mimi mwenyewe nilitamani ardhi inimeze, na tena nilikuwa nimetoka kukomunika."

Nje ya kanisa, Johnson hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba hana ugomvi na yeye. Kisha akasema maneno ambayo Médiatrice ameyarudia kwetu neno kwa neno, kwa lafudhi ya mzee yule.

"Madamu, hiyo kitu ya mikono, hata sisi Uganda tulikuwa nayo wakati wa shida. Shida ikiisha, watu wananunua ya kiwanda."

Alimpa mpaka Asomsiyo. Michango ya kinanda kipya ilianza kukusanywa Jumapili iliyofuata.

Hakuna aliyemtukana, lakini neno lile lilimkaa. Kitu cha mikono, kitu cha wakati wa shida. Baba yake alikula na kuwalisha watoto saba kwa vitu vya mikono.

Alikirudisha kibao Sonatubes na kukitafutia kosa. Wiki mbili hakuliona. Kila alipokijaribu kililia vizuri. Alibadilisha nyaya, akabadilisha chombo cha kulainishia, akaanza hata kumshuku Mama Daphrose, dhambi ambayo anasema ameshaiungama.

Alipohisi kwamba kelele za nje zinamficha jambo, aliwaomba madereva wa kituo wazime pikipiki nusu saa. Siku hizi nyingi ni za umeme na hazingurumi, lakini honi zake ni zile zile. Usumani alimwuliza, "Sasa Dada Médi, tukizima, abiria tumbebe mugongoni?" Wote walicheka, Médiatrice naye akacheka, na hakuna aliyezima.

Jibu lilikuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, siku ya umuganda, wakati nchi nzima inashika majembe na mafagio kufanya kazi ya pamoja na magari hayatembei mpaka saa tano. Médiatrice anaishi Batsinda. Alikuwa na majirani zake wakizibua mfereji, udongo umemfika magotini, aliposikia redio. Ilikuwa redio ndogo ya mgonjwa mmoja ndani ya nyumba, na kati yake na mfereji kulikuwa na nyua tatu. Alimsikia hata mtangazaji akipumua kati ya neno na neno.

Alisimama na koleo mkononi. Jirani alimwuliza kama ameumia.

Miaka kumi na tisa, hesabu hiyo ndiyo iliyompitia kichwani. Miaka kumi na tisa amejaribu mashine za watu pale Sonatubes, na kwa sababu ya zogo la pale amezijaribu zote kwa sauti kubwa. Kila fundi wa mtaa ule hufanya hivyo, huwezi kufanya vingine. Kibao chake hakikuwa kizuri Sonatubes na kibaya Kanombe. Kilikuwa kibaya kote kuwili, ila Sonatubes haina utulivu wa kumwonyesha mtu ubaya mdogo.

Tangu Jumatatu iliyofuata amekuwa akipanda gari la kwanza kutoka Batsinda. Alfajiri ya kwanza alishusha sauti mpaka chini na kuusikia mkwaruzo kwa masikio yake mwenyewe. Anasema alifurahi kuliko siku kilipolia kwa mara ya kwanza.

Kilichobaki kilikuwa kujua mkwaruzo unatoka wapi, na hapa turudi kwa watoto wa maziwa. Wadogo wote kumi na mmoja wakinywa pamoja, jumla yao hupungua fungu la mkubwa wao kwa tone moja tu. Namba inapovuka katikati, wadogo wote huambiwa waache, na mkubwa anywe peke yake. Kama fungu la mkubwa limekosewa hata kidogo, umeme hauvuki kwa tone, unaruka. Sauti kubwa inavuka hapo kwa mwendo wa kasi na kosa linazama ndani ya kishindo. Sauti ndogo inaishi pale pale katikati, inapanda kidogo na kushuka kidogo, na kila ikivuka inajikwaa.

Ngazi yake ilihitaji rezista za aina mbili, za kipimo fulani na za kipimo mara mbili yake. Alinunua mifuko miwili. Alichambua kila mfuko kwa uangalifu, akachagua zinazolingana zenyewe kwa zenyewe.

"Nilipanga watoto wa nyumba hii wafanane, na watoto wa nyumba ile wafanane," anasema. "Sikuuliza kama nyumba mbili zinakubaliana. Nilisoma pete za rangi, nikaamini. Pete zinasema karibu na ukweli, hazisemi ukweli."

Mfuko wa pili haukuwa mara mbili kamili ya wa kwanza. Ulipungua kidogo, kiasi ambacho katika televisheni kisingemsumbua mtu. Kwa watoto kumi na wawili ilikuwa fujo.

Dawa yake inapendeza kwa urahisi wake. Aliutupilia mbali mfuko wa pili. Alichukua mfuko mmoja wa rezista mia tano za kipimo kimoja, na kila alipohitaji mara mbili, aliunga mbili mfululizo. Kwa njia hiyo kipimo na mara mbili yake vinatoka tumbo moja, na haviwezi kugombana. Ngazi nzima ilihitaji rezista thelathini na saba zinazolingana.

Kuzipata ndiyo kazi, na mwandishi alikaa naye siku nzima kuitazama. Médiatrice huweka magotini urutaro, ungo wa Kinyarwanda uliosukwa vizuri, ambao mama yake aliutumia kuchambulia maharage. Humwaga rezista humo. Huchukua moja kwa kibano kidogo cha plastiki na kuibana kwenye kipimio, kisha huiacha. Hatazami upesi.

Ukiigusa kwa kidole, anaeleza, inapata joto lako, na yenye joto inadanganya. Kwa hiyo huihesabia mpaka ishirini ipoe, ndipo husoma. Kisha huitupa kwenye kizibo cha soda kulingana na tarakimu za mwisho. Vizibo vipo kumi na vitatu, vimepangwa mezani. Ilipofika jioni, kizibo kimoja kilikuwa na rezista arobaini na mbili. Za vizibo vingine alizirudisha mfukoni kwa kazi za kawaida.

Tulimwuliza kama hachoki. Alitutazama kwa huruma kidogo.

"Maharage ya watu ishirini nilikuwa nachambua kila siku nikiwa na miaka nane. Hii haina hata vijiwe."

Majirani zake wa maduka walimcheka mwanzoni. Mwanamke mzima, ungo magotini, katikati ya Kigali, anachambua vitu ambavyo haviliwi. Wengine walidhani ni dawa za kienyeji. Mficha uchi hazai, na Médiatrice aliwaeleza wote waliouliza kwamba alikosea na anarekebisha, na hakumtoza mtu hata faranga moja kwa kibao cha pili.

Asubuhi ya Asomsiyo kanisa la Kanombe limejaa mpaka nje. Wanajeshi na familia zao, wafanyakazi wa uwanja wa ndege, akina mama waliovaa mishanana, mavazi yao ya sikukuu yanayofungwa begani. Médiatrice alikuja na gari la kwanza kukifunga kibao, na Mama Daphrose alikuja mapema vilevile, akasimama kando na mkoba wake. Kinanda kilipofungwa, alikaa akajaribu noti mbili tatu. Kisha akasema atakijua wakati wa komunyo.

Wimbo wa kuingia unakwenda vizuri. Hakuna anayejali, wa kuingia ulikwenda vizuri mara ile pia. Johnson ameketi safu ya pili, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti. Médiatrice yuko nyuma, rozari imezungushwa kiganjani.

Baada ya komunyo watu wanapiga magoti. Ndege imepita juu na kuondoka, na kanisa limetulia kiasi kwamba unasikia kitoto kikinyonya. Mama Daphrose anaanza. Anashusha sauti mpaka pale ilipomwangusha fundi. Anapafika, anakaa hapo ubeti mzima. Halafu, na hapa mwandishi anakiri kwamba alishikilia benchi, bibi yule anashusha zaidi, chini ya pale alipowahi kushusha kinanda kikiwa kizima. Analitafuta kosa kwa makusudi. Anamtafutia Médiatrice aibu katika kila noti, kwa haki ya mtu atakayeketi mbele ya mashine hiyo kila Jumapili.

Hakuna mchanga. Sauti inapungua na kupungua, laini mpaka mwisho wake, inaisha bila mtu kujua imeisha lini.

Mama Daphrose hakugeuka nyuma. Alifunga kitabu chake, akaanza ubeti mwingine ambao haukuwa katika ratiba, akaupiga wote kwa sauti ile ile ya chini. Kwaya iliangaliana, kisha ikamfuata.

Tulimwuliza Médiatrice baadaye alisikia nini katika ubeti ule wa nyongeza.

"Sikusikia kitu," alisema. "Nilisahau kusikiliza. Nilikuwa naimba."

Wakati wa matangazo, Johnson alisimama mbele na karatasi yake. Alisoma ratiba ya ubatizo, akasoma majina ya wachumba, akafika kwenye kinanda. Alisema michango ya kinanda kipya imesimama, na waliokwishatoa wataulizwa kama wanapenda fedha zao ziende kwenye paa. Halafu akaikunja karatasi, jambo ambalo waumini wake wanasema hawajawahi kuliona.

"Kinanda imepona," alisema. "Imetengenezwa hapa Kigali, kwa mikono. Mwenye mikono iko pale nyuma. Madamu, simama watu wakuone."

Médiatrice alisimama. Vigelegele vilipigwa na akina mama wa kwaya kwanza, kisha na kanisa zima, na mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu tangu shule ya ufundi hakujua afanye nini na mikono hiyo. Mwishowe aliificha nyuma ya mgongo. Mwandishi huyu ameandika habari za watu wengi wenye vyeo, na hajaona wengi waliostahili kusimamishwa kama yule.

Nje ya kanisa, parokia mbili zilimfuata kuomba miadi, na Johnson alikuja na daftari lake na swali moja tu. Alitaka kujua kibao hicho kitaishi miaka mingapi.

Médiatrice alimwambia hajui. Chipu ya kiwandani ilipokufa ilikufa yote, alisema, na aliyeijua yuko mbali. Ngazi hii ikiugua, itaugua mahali pamoja, na mtu mwenye kipimio na subira ataipata rezista yenye kosa kati ya thelathini na saba na kuibadilisha kwa nyingine ya faranga mia moja kutoka sokoni.

Mtu gani, aliuliza Johnson.

Hilo ndilo analolifanyia kazi sasa. Jumatatu baada ya sikukuu alinunua daftari la kurasa mia mbili, na ameanza kuchora ngazi hatua kwa hatua, kwa Kinyarwanda upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kulia, pamoja na kosa lake la mifuko miwili na onyo la kutojaribu kitu chochote penye kelele. Nakala moja itafungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuachwa ndani ya kinanda chenyewe, chini ya kifuniko. Nakala nyingine ataipeleka katika shule za ufundi, akianza na ile iliyomshauri akashone. Baada ya hapo anataka kujenga ngazi ya watoto kumi na sita, ambayo mafundi wenzake wamemwambia haiwezekani kwa mkono, na hajawajibu bado.

Tulipomwuliza anatumaini nini hasa kwa kinanda cha Kanombe, tulitegemea aseme kisiharibike tena. Alitikisa kichwa.

"Kitaharibika, kila kitu kinaharibika," alisema. "Mimi naomba kitu kimoja tu. Siku kikiharibika, mutu watakayemuita asiwe mimi, na akifungua, ajue."